Pumzi ya Mgonjwa wa Figo Inapokatika Usiku

Anakoroma, ananyamaza ghafla, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Si jinamizi hilo?

Si jinamizi, wala hakuna jirani aliyemtupia kitu. Ni pumzi inayokatika usingizini: ama koo limejibana hewa isipite, ama ubongo umeacha kwa muda kukiamuru kifua kipumue. Ikikatika au kufifia kwa sekunde 10 au zaidi, mara 5 au zaidi kwa saa, daktari huanza kuuita ugonjwa. Ikifika mara 30, ni hali mbaya. Mwenyewe hajui. Asubuhi kichwa kinagonga, mdomo umekauka, na atakuapia kwamba alilala fofofo.

Mume wangu ni mwembamba. Inawezekanaje?

Wengi tunadhani haya ni ya wanene. Kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, wembamba si kinga. Figo zikishindwa kutoa maji, mchana kutwa yanatuama miguuni. Mvue soksi jioni uone alama ya mpira ilivyozama. Akilala chali, maji yale yanapanda hadi shingoni, nyama za koo zinavimba na njia ya hewa inabanwa. Sumu iliyobaki kwenye damu nayo inauvuruga ubongo usiipime pumzi sawasawa.

Mwaka 2001, madaktari Patrick Hanly na Andreas Pierratos wa Toronto, Kanada, walichapisha utafiti wa wagonjwa 14. Waliposafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, pumzi zao zilisumbuka wastani wa mara 25 kwa saa. Walipohamia kusafishwa wakiwa wamelala, saa 8, usiku 6 au 7 kwa wiki, zikashuka hadi 8. Si mashine ya kusaidia pumzi iliyowasaidia. Damu safi na mwili usiojaa maji ndivyo vilivyowapa nafuu.

Sisi wa mkoa wa Mara tufanye nini?

Tulinde mizunguko ya kusafishwa damu tuliyo nayo. Kwa anayesafishwa hospitali ya Bugando, Mwanza, safari kutoka Musoma ni zaidi ya kilomita 200, na anayetoka Bunda au Butiama naye anatafuta nauli kila safari. Najua uzito wa kusema hivi mfuko ukiwa mtupu, lakini kuruka siku moja au kuomba kuchomolewa mashine mapema ni kuyarudisha maji shingoni. Kwa anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, usiku wa kuamkia Jumatatu ndio wa kuuangalia zaidi, kwa sababu amekaa siku mbili nzima bila kuchujwa.

Kisha chumvi. Samaki wa chumvi (kayabo) na mboga iliyokolezwa chumvi huleta kiu, kiu huleta maji, na maji yale hayana pa kutokea. Chumvi yote ya siku, ya chakula chochote kile, isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa. Kwa mgonjwa wa figo, pungufu zaidi ni bora. Kiasi cha maji ya kunywa apangiwe na daktari wake.

Alale ubavu, si chali. Ila asiulalie mkono wenye mshipa wa kusafishia damu! Mshipa ukigandamizwa usiku kucha unaweza kuziba, nao ndio mlango wake wa uhai. Kichwa na kifua viinuliwe. Tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda, upande wa kichwani, linasaidia. Pombe na vidonge vya usingizi hulegeza koo, asivitumie bila kumuuliza daktari.

Kuna mashine ya kusaidia pumzi?

Ipo. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza mwaka 1981: inasukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisijifunge. Daktari ndiye huamua nani anaihitaji, baada ya kipimo cha usingizi.

Akisinzia mchana, si uchovu wa kusafishwa damu tu?

Huenda. Lakini anayesinzia akizungumza na watu asiendeshe bodaboda wala gari mpaka apimwe. Pumzi ikikatika kila usiku, presha hupanda na moyo huchoka, na moyo wa mgonjwa wa figo tayari umebeba mzigo.

Wewe unayelala naye chandarua kimoja ndiye shahidi pekee. Akinyamaza, hesabu taratibu: moja, mbili, tatu, hadi avute tena. Mrekodi kwa simu dakika chache, sauti inatosha. Siku ya kusafishwa damu, akiwa bado kwenye mizani kabla ya kuunganishwa, mpe muuguzi asikilize.