Maziwa yanapotokea puani

SWALI: Mjukuu wangu ana wiki 3. Akinyonya, maziwa yanamtokea puani, anapaliwa, na uzito hauongezeki. Majirani wanashauri uji mwepesi. Nifanyeje?
Bibi, Lalago, Simiyu

JIBU: Uji hapana, hadi atimize miezi 6. Mpelekeni kituo cha afya leo, wammulike kaakaa kwa tochi hadi nyuma kabisa. Mdomo unaweza kuwa mzima, kumbe kaakaa lina mpasuko. Hapo mtoto hawezi kuvuta maziwa hata mama awe nayo tele.

Mama akamue maziwa kwenye kikombe kidogo kilichochemshwa. Mpakate mtoto wima, umshike shingo. Ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni, ayalambe mwenyewe, usimmiminie kamwe. Mpumzishe, mcheulishe mara kwa mara. Kazi hii inachosha sana, hivyo pokezaneni usiku.

Akihema haraka au midomo ikigeuka bluu, hospitali saa hiyohiyo.

Mpasuko unatibika. Ombeni rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kaakaa kwa kawaida hushonwa kati ya miezi 9 na 18, mtoto akiwa na uzito wa kutosha.