UGONJWA WA MIGUU NA MIDOMO
Malengelenge mdomoni, kwatoni na kwenye chuchu

Mfugaji, umefungua zizi asubuhi na ng'ombe mmoja amebaki nyuma. Anadondosha udenda mrefu, anachapa midomo kana kwamba anatafuna, na maziwa yamepungua ghafla. Mfungue mdomo. Ukiona malengelenge kwenye ulimi na fizi, au vidonda vyekundu pale yalipopasukia, tazama pia katikati ya kwato na kwenye chuchu. Huo ndio ugonjwa wa miguu na midomo, ambao Wamaasai huuita oloirobi.

Wengi huupuuza kwa sababu ng'ombe mkubwa mara nyingi hafi. Baada ya wiki mbili au tatu anakula tena. Lakini ndama hufa ghafla, kwa kuwa virusi hushambulia moyo wake. Mama anayeumwa chuchu humpiga teke ndama, na kiwele huvimba. Dume la kulimia hulala chini msimu wa kulima. Wengine hupona wakabaki na manyoya marefu, wanahema juani, na maziwa hayarudi kama zamani.

Ng'ombe huanza kuambukiza wenzake kabla hujaona lengelenge hata moja. Kwa hiyo ukimwona mmoja mgonjwa, hesabu kundi zima kuwa limeguswa. Usipeleke mnyama yeyote mnadani, hata anayeonekana mzima. Tunajua ada ya shule haingoji, ila ng'ombe mmoja aliyeuzwa leo anaweza kufunga mnada wote kwa karantini, na hapo hatauza mtu. Mjulishe afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Mbuzi na kondoo nao huugua, japo dalili zao ni ndogo, kwa hiyo wasiende malamboni kuchanganyika na wa jirani. Anayehudumia wagonjwa asiingie boma jingine na nguo na viatu vilevile.

Virusi hivi havina dawa ya kuviua mwilini. Sindano ya antibiotiki husaidia tu vidonda vilivyoingiwa na usaha. Ikitumika, fuata siku za kutokunywa maziwa alizokuambia mtaalamu. Kinachomsaidia mgonjwa ni matunzo: osha mdomo na kwato kwa maji ya chumvi, mkatie majani laini, mletee maji karibu, mweke pakavu pasipo tope. Ndama asinyonye mama mgonjwa. Mpe maziwa yaliyochemshwa.

Baadhi ya wazee huchukua mate ya mgonjwa na kuwapaka wazima ili kundi liugue mara moja na kumaliza. Sababu yao inaeleweka, maana kundi linalougua kwa zamu huzuia kuhama kwa miezi. Ila wanaolipa ni ndama na ng'ombe wenye mimba. Tena virusi hivi vina aina kadhaa. Huku kwetu kuna O, A, SAT 1 na SAT 2, na aliyepona aina moja anaweza kuugua nyingine.

Ndiyo maana hata chanjo lazima ilingane na aina iliyopo, na hurudiwa kila baada ya miezi sita hivi. Wanaochunga karibu na hifadhi wasiiache, kwa kuwa nyati hubeba virusi bila kuugua.

Mama mmoja alituuliza kama ndio ule unaowatoa watoto vipele mikononi na mdomoni. Hapana, huo ni ugonjwa mwingine. Hata hivyo, maziwa chemsheni.