Ziba nyufa, lakini acha nyumba ipumue



Methali tunaijua sote: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauharibu ukuta peke yake. Katika nyumba ya udongo, humo nyufani ndimo kunguni na papasi wanamojificha mchana, na usiku wanatoka kutuuma. Papasi huleta homa inayopoa kisha inarudi. Nao mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Jioni tunafunga mlango tukisema tumefunga nyumba, kumbe kule juu kuko wazi!

Sisi tulianza vibaya. Tulinunua saruji tukaziba nyufa za ukuta wa udongo, tukafurahi. Baada ya msimu mmoja wa mvua vipande vikaanza kuanguka. Udongo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, lakini saruji ni ngumu, haiufuati. Pesa zikaenda hivyo. Siku hizi tunaziba udongo kwa udongo.

Tunavyofanya

1. Kwaruza ufa kwa kisu mpaka udongo uliolegea utoke wote.

2. Changanya udongo wa kichuguu, karai moja, na mchanga, makarai mawili. Tia kinyesi kibichi cha ng'ombe na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Kanyaga vizuri, kisha acha ulale usiku mmoja. Mwenye kidonda asishike kazi hii.

3. Jaribu kwanza. Paka ukutani kiasi cha kiganja, ngoja kikauke. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikimomonyoka, ongeza udongo.

4. Nyunyizia ufa maji. Ukuta mkavu hunyonya maji ya udongo mpya, nao hubanduka.

5. Shindilia mpaka ndani, usipake juu juu tu. Ukikauka, paka mara ya pili.

Kandokando ya fremu za mbao, mwanya mwembamba huzibwa vizuri kwa silikoni ya dukani, kwa sababu inavutika mbao zinapocheza. Pangusa vumbi kwanza, la sivyo haishiki.

Na moshi je?

Hapa tuwe waangalifu. Ukiziba mwanya wa juu kabisa kwa udongo, moshi wa kuni hukosa njia, na wanaouvuta ni kina mama na watoto. Jiko la makaa ni baya zaidi. Hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, na watu hulala wasiamke tena. Kwa hiyo pale juu tunapigilia wavu wa waya wenye matundu madogo, si ule wa kuku. Mbu hapiti, hewa inapita. Hata hivyo, jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala kamwe, na chandarua tusikiache.

Kazi hii mtu mmoja huchoka nayo, lakini kikundi kikishikana nyumba moja baada ya nyingine, inakwisha. Tuanze na wazee na wajane.

Ya kujadiliana

- Usiku, mmoja awashe taa ndani na wengine wasimame nje gizani. Mwanga unatokea wapi?
- Katika nyumba zetu, moshi hutoka kwa njia gani?
- Wavu wa nyumba ya kwanza tutaununuaje, na nyumba hiyo ni ya nani?