Dondoo muhimu: Thredi za nyuma kwenye Java

Umetengeneza programu ya Android kwa ajili ya duka la jumla hapo Mbweni. Mwenye duka anafungua ripoti ya mauzo ya mwaka, kioo kinaganda. Kosa si la simu. Umeisoma hifadhidata kwenye thredi kuu, ile inayochora kioo na kupokea miguso. Ikishindwa kujibu mguso kwa sekunde 5 hivi, Android humwuliza mtumiaji kama aifunge programu.

Kazi nzito ipeleke thredi ya nyuma. Iite kwa start(), si run(): ukiita run() moja kwa moja, kazi inafanyika palepale ulipo na hujapata thredi mpya. Kosa hili ndilo la kwanza kulikagua.

Kwenye Java ya kompyuta, setDaemon(true) huwekwa kabla ya start(). Hiyo huifanya thredi kuwa ya daemon, na mashine ya Java haisubiri thredi ya aina hiyo: zikibaki hizo tu, inazima, hata kama kazi iko katikati. Kwa hiyo usiipe kazi ya kuandika malipo. Inafaa kufuta kumbukumbu za muda, basi.

Patamu ni hapa. Thredi mbili zikipunguza idadi ya mifuko ya unga kwenye objekti moja, kila moja husoma, hutoa, huandika. Zikisoma 40 kwa pamoja, mifuko miwili itauzwa na stoo itaonyesha 39. Tumia synchronized au AtomicInteger, kisha lijaribu kosa hilo kwa makusudi kabla hujamkabidhi mteja.