Kushukiwa Si Kushtakiwa

Fundi wa Kariobangi Light Industries, jijini Nairobi, akikamatwa Ijumaa jioni, kabla jua halijachomoza Jumamosi habari huwa imefika Umoja na Dandora kwamba "ameshtakiwa". Mara nyingi bado. Anashukiwa tu.

Maneno hayo yanakaribiana masikioni, ila hayana asili moja. Kushuku limetokana na neno la Kiarabu shakk, yaani shaka. Kushtaki limetoka kwa ishtaka, kulalamika, kupeleka kilio mbele ya mwenye uwezo wa kuamua. Basi aliye seli anabebeshwa shaka ya polisi. Lalamiko huwa shtaka likifika kwa hakimu, ambaye kwa wengi wa mitaa hii ya Eastlands yuko korti ya Makadara. Na katika jinai anayeshtaki ni Jamhuri, kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Jirani aliyepiga ripoti huitwa mlalamishi, lakini hawezi kuifuta kesi kwa kauli yake tu.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mshukiwa aelezwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha. Saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, husogezwa hadi siku ya korti inayofuata. Fundi wetu wa Ijumaa anaweza kufikishwa Jumatatu na sheria isiwe imevunjwa. Akiachiliwa kwa dhamana ya pesa kituoni, adai risiti. Pesa isiyo na risiti si dhamana.

Kortini, sikiliza karatasi ya mashtaka inaposomwa. Itaje kosa lenyewe, kisha maelezo: siku, mahali, unachodaiwa kufanya. Usipoielewa lugha, omba mkalimani, humlipi. Usitamke "ni kweli" kwa sababu umechoshwa na seli na unataka kurudi nyumbani. Neno hilo ni kukiri kosa, na hakimu anaweza kukuhukumu papo hapo.

Kazini ndiko wengi huumia bila kujua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfuta mara moja mfanyakazi aliyekamatwa kwa kosa la kifungo ambalo polisi hawahitaji kibali kumkamata, ikiwa siku 14 zimepita bila yeye kupata dhamana au kuachiliwa kwa njia nyingine ya kisheria. Kukamatwa siku mbili hakutoshi. Hata hapo, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze sababu na akusikilize, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi.

Kwa hiyo, jamaa za aliyekamatwa wasikae kimya. Wampelekee mwajiri barua yenye jina la kituo, namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na siku ya korti, waombe igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha waweke nakala.