Tusome Ngao ya Hispania

Tulipoanza kisomo tulijifunza kwamba kila herufi ina sauti yake. Leo tutasoma kitu ambacho hata asiyejua herufi aliweza kukisoma. Ni ngao ya wafalme wa Hispania. Nchi hiyo iko Ulaya. Mlango mwembamba wa bahari unaitenga na Moroko.

Hebu tuitazame ngao hiyo. Juu kushoto pana ngome. Juu kulia pana simba. Chini kushoto pana mistari minne myekundu ya Aragón, na kulia minyororo ya Navarra. Kwenye ncha ya chini pana komamanga.

Komamanga, tunda la kula, linatafuta nini kwenye ngao ya mfalme? Kwa Kihispania tunda hilo huitwa granada, na Granada ni mji uliokuwa na ufalme wake. Ngome huitwa castillo, na ufalme wake ni Castilla. Simba huitwa león, na ufalme wake ni León. Kumbe picha zinatamka majina! Askari asiyejua kusoma aliona ngome, akajua hawa ni watu wa Castilla. Tena jina la León halikutoka kwa simba hata kidogo. Lilitoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya jeshi, kwa sababu askari wa Roma walipiga kambi pale. Watu walisikia simba, basi wakachora simba.

Castilla na León ziliungana mwaka 1230. Mwaka 1469 Isabel wa Castilla aliolewa na Fernando wa Aragón. Mwaka 1492 wawili hao waliiteka Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu katika nchi hiyo, ndipo komamanga likatiwa kwenye ngao. Tunda lapendeza machoni, lakini sisi tunaona lina uchungu: ni alama ya watu walioshindwa.

Pembeni mwa ngao zimesimama nguzo mbili. Hizo ni alama ya ule mlango wa bahari. Zina maneno ya Kilatini, Plus Ultra, yaani "mbele zaidi". Ni maneno ya mfalme Carlos wa Kwanza, aliyeanza kutawala mwaka 1516, wakati merikebu za Hispania zilikwisha fika Amerika.

Bendera nayo ina kisa chake. Zamani wafalme wa ukoo wa Borbón walitawala Hispania, Ufaransa na Napoli, na merikebu zao zilipeperusha bendera nyeupe. Sasa wewe uko baharini, unaona nyeupe kwa mbali. Ni mwenzako au ni mgeni? Ukikosea, unampiga rafiki mzinga, au adui anakukaribia umekaa tu. Kwa hiyo mwaka 1785 mfalme Carlos wa Tatu aliletewa michoro 12. Akachagua nyekundu, njano, nyekundu, ili ionekane mbali. Njano ina upana mara mbili ya kila nyekundu.

Mwaka 1931 mfalme aliondoka, ikaja jamhuri, na mstari wa chini ukawa zambarau. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1936, kila upande na bendera yake. Mwaka 1939 Jenerali Franco alishinda. Zambarau ikaondoka, na nyuma ya ngao akawekwa tai mweusi. Franco alifariki mwaka 1975, na mfalme akarudi. Tai aliondolewa mwaka 1981.

Maswali: Ukionyeshwa bendera ya Hispania yenye tai, utasema ni ya wakati gani? Na yenye zambarau je?