Silabi ya Kiswahili na Matatizo ya Kupanga Maneno Chini ya Nota kwa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta na walimu wa kwaya, nalo ni upangaji wa maneno ya nyimbo chini ya nota. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya makosa yanayodhaniwa kuwa ya mashine ni makosa ya ugawaji wa silabi, na kwa hiyo yanamhusu mwanaisimu moja kwa moja.

Programu tunazozizungumzia ni zile ambazo mwandishi hachori nota kwenye kioo, bali huandika matini: herufi kwa nota, tarakimu kwa urefu wake, na maneno ya wimbo kando. MusicTeX ya Daniel Taupin na mtindo wa ABC wa Chris Walshaw ni za mwanzoni mwa miaka ya 1990. LilyPond ya Waholanzi Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen ilianza mwaka 1996. Hata hivyo, wazo la kuandika muziki kwa herufi si geni kwetu. Solfa, aliyoieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 akiendeleza kazi ya Sarah Glover, ni matini tupu, na kwaya nyingi za Tanzania zimelelewa nayo. Solfa ilikaa vizuri kwenye mashine ya taipu kwa sababu kila herufi ilichukua nafasi sawa. Mtu anapoihamishia kwenye kompyuta na kutumia mwandiko ambao i ni nyembamba na m ni pana, nukta pacha za sauti nne haziangukiani tena, na waimbaji hawajui pigo liko wapi. Dawa yake ni mwandiko wenye herufi za upana mmoja, au jedwali. Hilo ni tatizo jepesi.

2.0 Kosa lisilojitangaza

Tatizo zito ni lile ambalo programu hailalamikii. Katika LilyPond silabi za neno moja hutengwa kwa vistari viwili vyenye nafasi pande zote: Mu -- ngu. Ukiandika Mu--ngu bila nafasi, neno zima huhesabiwa kuwa silabi moja na kuwekwa chini ya nota moja. Ukiweka kistari kimoja chenye nafasi, kistari chenyewe huhesabiwa kuwa silabi na kupewa nota. Katika ABC, kinyume chake, kistari kimoja kilichogandamana na silabi ndicho sahihi. Anayehamisha wimbo kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine huingia mtegoni kwa urahisi. Matokeo ni yale yale: kuanzia hapo maneno yote husogea nota moja, mbele au nyuma, na karatasi hutoka safi kabisa. Silabi yenye mkazo huanguka kwenye pigo dhaifu. Barabara ya kupitia magari, yenye mkazo kwenye silabi ya tatu, huweza kuimbwa kama barabara yenye maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake uko kwenye silabi ya pili.

Chanzo kingine ni tao la kuunganisha nota. Programu huchukua nota zilizofungwa kwa tao kuwa za silabi moja. Tao likisahauliwa, silabi inayofuata huvutwa mahali pasipo pake. Mara nyingi ubeti wa kwanza una silabi moja mahali ambapo ubeti wa pili una mbili. Hapo tao la kawaida halifai. Lichorwe kwa nukta nukta, na ubeti wa pili uamriwe kutolifuata. Mtafiti anayetafuta kosa aanzie silabi ya mwisho ya mstari na kurudi nyuma. Akihesabu kutoka mwanzo, jicho husoma kinachotarajiwa badala ya kilichoandikwa.

3.0 Mbuni mbili

Silabi ya Kiswahili, kwa kawaida, huishia kwa irabu. Kwa hiyo Mungu ni Mu-ngu, wala si Mun-gu. Wapo wanaoona tofauti hii kuwa ya karatasini tu. Hatukubaliani nao. Mwimbaji anayeona Mun chini ya nota ndefu hufunga mdomo mapema na kuvuta sauti puani, na kwaya nzima hufuata. Kristo nalo tungeligawa Kri-sto, kwa kuwa Kiswahili kimeshakubali st mwanzoni mwa silabi, kama katika starehe.

Mbuni ndege ni silabi mbili, mbu-ni. Mbuni, mti wa buni ambao mkoa wa Kagera unaujua vyema, ni silabi tatu, m-bu-ni. Katika mtu mbaya kivumishi kina silabi tatu, katika njia mbaya kina mbili. Hakuna kanuni ya herufi itakayoiwezesha kompyuta kutenganisha maneno haya: lazima mwandishi ajue ngeli. Nchi na mbwa, kwa sababu ya ufupi wa mashina yao, huipa nazali silabi yake: n-chi, m-bwa.

4.0 Ngara na Biharamulo

Kanuni hizi zisihamishwe kibubusa kwenye lugha jirani. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo huzungumzwa Kihangaza na Kishubi, ambazo Guthrie aliziweka katika kundi moja la D60 pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Kwa Kiswahili saa ni silabi mbili, sa-a, na kila moja yaweza kupewa nota yake na kistari katikati. Katika lugha za kundi hili irabu ndefu ni silabi moja yenye uzito mara mbili. Ikiangukia nota mbili, zifungwe kwa tao na irabu ifuatwe na mstari wa kuendeleza, si kistari. Tena, tahajia iliyozoeleka ya Kirundi na Kinyarwanda haionyeshi urefu huo. Umuntu huandikwa kwa u moja, lakini irabu iliyo mbele ya nt hutamkwa ndefu. Mgawo ni u-mu-ntu, na silabi ya kati ndiyo nzito. Mchapaji aliyezoea m-tu ataipa nota fupi.

Toni nayo haiandikwi. Katika Kirundi inda ni tumbo au chawa, kutegemea toni, na muziki unaopanda mahali pa kushuka waweza kumchanganya msikilizaji. Hilo ni la mtunzi. La mchapaji ni urefu, na tunashauri autie alama kwenye muswada, akiwa ameketi na mzungumzaji wa lugha, kabla ya kugusa kompyuta.